Poda Niliyommwagia Asukulu

Mdogo wangu Asukulu amelala kwangu siku tatu sasa, na bado sijamwambia. Amekuja hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kwa ajili ya Furaha, mdogo wetu wa mwisho, kwa sababu Jumamosi watu wa upande wa mume wanaleta maneno yao ya posa, na katika nyumba iliyobaki na watu watatu lazima mwanamume mmoja akae mbele kuwapokea. Tangu mwaka ule wakimbizi Warundi walipoanza kufika kambi ya Lusenda, hajawahi kulala chini ya bati langu. Husalimia kwa simu. Kila mwisho wa mwaka hunitumia samaki waliokaushwa vizuri, wamefungwa kwenye mfuko wenye jina langu kwa kalamu nyeusi. Asubuhi ya leo nilimkuta uani anakunywa chai na mkate, miguu ameinyosha, mafuta meusi yako ndani ya kucha mahali ambapo sabuni haifiki tena. Nikasema, “Asu.” Akainua uso, “Yaya?” Nikamwuliza kama sukari inatosha. Akasema inatosha. Nikarudi jikoni, nikasimama mbele ya sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Juu ya wazazi wetu sitasema mengi. Walikuwa wamekufa, mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, shule nilikuwa nimeiachia mwaka wa pili wa sekondari, na watoto wawili waliniita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa sauti ambayo watoto wengine huitia mama. Nilikuwa naanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani karibu na bandari, nawageuza, nafukuza bata na kunguru, na jioni nawapeleka sokoni. Asukulu alikuwa darasa la sita la sekondari, mwaka wa mwisho, mwaka wa mtihani wa dola, ule wa serikali wa kupata diploma. Mwaka ule magari ya mashirika ya misaada yalianza kupita barabara yetu kila siku kuelekea kambini, na katika kila gari mliona kijana mmoja wa hapa amekaa mbele, mwenye kadi shingoni. Watu walisema: huyu ana diploma na anajua Kiingereza. Walikuwa wanasema hivyo kisimani, saluni, hata kanisani wakati wa sadaka. Mimi nikiinama juu ya ndagala wangu nilikuwa nahesabu miezi, na kadi ile nilikuwa nimeshamvika Asukulu.

Mwalimu wa Kiingereza alitoka kambini kwenyewe. Aliitwa Evariste, Mrundi, kwao alikuwa amefundisha lise, shule ya sekondari. Alikuja kila Jumamosi juu ya pikipiki, amejaa vumbi mpaka kope, lakini shati limepigwa pasi. Sikuwahi kujua alipata wapi pasi katika hema. Kanisa lilimpa chumba cha nyuma, kile cha kutunzia ngoma za kwaya na masinia ya harusi. Kulikuwa na mabenchi matano na ubao uliopakwa unga mweusi wa betri za redio zilizokufa, uliochanganywa na majani ya muhogo, na mtu akiuegemea, mgongo unatoka mweusi. Tulimlipa kwa unga, maharage, mafuta ya mawese, na mimi kwa ndagala. Niliwaambia watu kwamba nakwenda kumchunga Asukulu asitoroke. Ukweli ni kwamba nilitaka kukaa tena kwenye benchi. Nilikaa nyuma, karibu na dirisha, kwa sababu ya harufu.

“Anglais ya ndagala imefika!” alisema kijana mmoja wa pikipiki kila nilipoingia, yaani Kiingereza cha ndagala.

“Cheka tu,” nilimjibu. “Hii harufu uko unaikula kwako kila jioni.”

Kuelekea Pasaka tulifika kwenye ule wakati ambao Waingereza wanautumia kusema jambo la kesho kana kwamba limekwisha. Fityuri pafekti, alisema mwalimu, na sisi wote tukasema, fityuri pafekti. Watoto wa shule waliujua kwa Kifaransa na hawakushangaa. Mimi nilishangaa. Mwalimu alikuwa anachagua tarehe, anaiandika juu ya ubao, halafu kila mmoja anasimama na kusema ifikapo siku ile atakuwa amefanya nini. Mfano wake mwenyewe ulikuwa mmoja siku zote: “By Easter, I will have gone home.” Ifikapo Pasaka nitakuwa nimerudi nyumbani. Pasaka ilipita. Jumamosi iliyofuata alifuta neno Pasaka kwa kitambaa chake, akaandika Krismasi, akaendelea. Hakuna aliyecheka, hata yule wa pikipiki. Ningetazama vizuri siku ile ningejifunza kitu, lakini mimi nilikuwa natazama sentensi tu. Ilinipendeza kama nguo. Mwaka mzima nilikuwa nimeishi na hofu ya Agosti, mwezi wa matokeo, na hapa nilikuwa nimepewa maneno ya kusimama ng'ambo ya Agosti, nikageuka na kuitazama kwa nyuma, tayari imekwisha, tayari imetupa kile tulichotaka.

Siku tarehe ilipokuwa mwezi wa nane, Asukulu alisimama. Alikuwa mrefu, bega moja limeshuka, kama anayetafuta kitu alichoangusha. Akasema, polepole, bila kosa: “By August, I will have gone to Kazimia.” Ifikapo Agosti atakuwa amekwenda Kazimia, kijiji cha wavuvi ziwani kwetu.

“Vizuri,” mwalimu akasema. “Kufanya nini?”

Nilisimama mimi. “Mwalimu, apana. Huyu anacheza. Atasema: by August, I will have got my State Diploma. Asu, sema.”

Mwalimu alinitazama, akasema kwa upole, Kiswahili chake kikivutwa na Kirundi, “Mama, kila mtu ana sentensi yake.”

“Ya huyu iko kwangu,” nikajibu.

Watu walicheka, yule wa pikipiki akapiga benchi kwa kiganja, na mimi nilikaa nimefurahi. Lazima niliandike hili kama lilivyokuwa: nilifurahi. Mwanamke wa ndagala alikuwa amemjibu mwalimu na chumba kizima kimecheka upande wake. Asukulu akasema sentensi yangu. Shingo yake ilikuwa imejaa jasho.

Tangu siku ile tulifanya mazoezi nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, katikati pazia la matete, na tulikula katika kile cha mbele, jua likiwa bado mlangoni. Nilikuwa nasonga bugali, naweka sahani tatu chini, na kabla ya kupakua namgeukia. “Sentensi kwanza,” namwambia, “bugali nyuma.” Alisimama mbele ya sufuria, kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye ndevu zinazoanza, akasema ifikapo Agosti atakuwa amepata diploma yake. Nikisikia ulimi umelegea namrudisha. Furaha, ambaye hakuwa ametimiza miaka kumi na tatu, aliisema kabla yake, haraka, kwa njaa, akapewa chakula. Siku moja Asukulu aliisema mara tatu mfululizo bila kupumua, sauti imelala kama ya mtu anayepokezana magunia bandarini, halafu akauliza, “Imetosha, Yaya?” Nikasema imetosha, nikampa kichwa cha samaki, ambacho alikipenda. Leo nikiona jirani anamfundisha mwanawe mashairi ya shule kabla ya kula, naondoka pale, nasingizia kazi.

Siwezi kusema kwamba sikujua. Lile pazia la matete halikuzuia neno. Mchana mmoja wa Jumapili nilikuwa nimejilaza upande mmoja, na wao wawili walikuwa upande wa pili wanachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga.

“Mi sijui kitu, Furaha,” alisema Asukulu. “Ile hesabu niko naandika tu jina.”

“Mwambie Yaya.”

“We mwambie.”

“Mi? Ataniua!” Furaha akacheka kidogo, halafu akaacha. “Na ule fundi wa Kazimia?”

“Alisema nikuje. Alinipa moteri moja ya boti imekufa, nikaisikiliza, nikamwonyesha pale iko mgonjwa. Akafungua, akakuta njo pale nilisema.” Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia mbele ya sufuria. “Akaniuliza, nani alikufundisha? Nikasema hakuna muntu.”

Nilikohoa. Nilikohoa kwa makusudi, kikohozi cha mtu mzima aliyeamka, na upande wa pili ikabaki sauti ya majani yakichanwa. Ningeweza kuvuta pazia. Hatua mbili tu.

Mtihani ulichukua siku nne. Kila asubuhi nilimpikia yai, na shati lake jeupe nililifua kila jioni kwa mkono wangu, sikumwachia Furaha. Siku ya tatu alirudi mapema mno, jua halijafika katikati.

“Umemaliza haraka,” nikasema.

“Ndiyo, Yaya.”

Sikuuliza swali la pili. Niliwaambia wanawake wa mchangani kwamba wa kwangu anamaliza kabla ya wenzake.

Kwetu mtoto akipata diploma hatosheki na pongezi ya mdomo. Humwagiwa poda, ile ya kupaka watoto wachanga, kichwani, usoni, mabegani, mpaka anakuwa mweupe kama aliyeanguka katika pipa la unga, halafu anatembezwa barabarani na pikipiki zikipiga honi, ili hata mgeni anayepita ajue kuna nyumba imepata. Poda hununuliwa baada ya matokeo. Wenye busara hungoja. Mimi nilikuwa nimenunua makopo mawili mwezi wa tano, nikayaficha chini ya kitanda nyuma ya masufuria, na kila nilipofagia niliyagusa kwa ufagio.

Siku ya matokeo niliandika namba yake ya mtihani katika simu yangu ndogo, nikaituma kama wote walivyofanya, na jibu likakawia, kwa sababu Baraka nzima ilikuwa inatuma. Kufika saa sita Mama Sifa, jirani yetu, aliingia uani na kitenge kimelegea kwa kukimbia. Mtoto wa dada yake alisoma shule ileile ya Asukulu.

“Bamama, njooni!” alipiga kelele. “Shule yao yote imepita! Yote! Hakuna hata mumoja ameanguka!”

Wakaja. Walikuwa kumi, halafu ishirini, halafu uani hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Mtu alikuwa tayari ameanza wimbo. Furaha alikuwa ameshatoa makopo chini ya kitanda, kumbe siku zote alijua yako wapi, akaniwekea moja mkononi. Asukulu alisimama mlangoni, hatua tatu mbele yangu, amevaa fulana, ananitazama. Na simu ikatetemeka.

Nilisoma. Kulikuwa na jina lake, namba yake, na neno moja la Kifaransa, na hata mtu aliyeachia shule mwaka wa pili analijua neno lile. Echec: ameanguka. Nilisoma tena.

“Imefika?” Mama Sifa akauliza. “Inasema nini? Mama, sema basi, batu banangoja!”

“Imefika,” nikasema.

“Na?”

“Mutoto amepita.”

Nilifungua kopo kwa meno. Nilimwendea nikammwagia mwenyewe, mkono wangu wa kulia, poda ikaanguka juu ya nywele, juu ya nyusi, juu ya midomo. Alifunga macho. Nilijiambia ni kwa sababu ya vumbi. Vigelegele vilianza, na cha kwanza kilikuwa changu. Yule kijana wa pikipiki, wa darasa letu la Kiingereza, alimpandisha nyuma yake, wakaenda mpaka njia ya bandari na kurudi, watoto wakikimbia nyuma, na mimi nikitembea katikati ya barabara na kopo tupu mkononi, nikisalimia kulia na kushoto kama mke wa gavana. Nilifikiri nini? Nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani nilifikiri kwamba neno la simu lilikuwa dogo na watu wale walikuwa wengi. Nadhani nilifikiri nitapata njia kesho.

Kesho yake sikupata njia. Keshokutwa orodha ya waliopita ilibandikwa ukutani mwa shule, na kufika mchana hata watoto wa kuchota maji walikuwa wanajua. Alipopita dukani walimwita mhitimu wa poda: “Diplome wa poda! Weye mweupe, diplome wa poda!” Mama Sifa alikuja tena, safari hii kitenge kimefungwa vizuri, akakaa chini.

“Mama, kumbe ilikuwa nini?”

“Ni réseau,” nikamwambia. “Réseau ilidanganya.”

Aliamini, kwa sababu kwetu réseau, mtandao wa simu, hudanganya sana. Lakini maneno hayakai bila kutafuta mwenyewe. Baada ya siku chache nilisikia sokoni wakisema mambo mengine: kwamba kijana mwenyewe ndiye aliyemdanganya dada yake, kwamba alimsomea vibaya simu, maskini mwanamke yule, amewalea kwa ndagala, tazama malipo yake. Walinisemea haya usoni kwa huruma, wakinigusa mkono. Na mimi sikuwakatalia. Nilishusha kichwa tu, na kichwa kilichoshushwa walikichukua kuwa jibu. Uongo wa poda ulitoka katika pumzi moja, watu wakinisukuma. Huu wa pili niliubeba siku baada ya siku, nikirudi nao nyumbani pamoja na vikapu, na yeye akiwa amekaa pale, ananipokea mzigo. Jumatatu alipanda boti ya Kazimia na begi la shule ambalo ndani yake hapakuwa na daftari.

Nilimngoja miezi mitatu, halafu nikamfuata. Nilikwenda kumrudisha. Sehemu ya kazi ilikuwa banda la bati karibu na maji, moteri za boti zimening'inizwa kwenye mti mmoja mrefu kama mbuzi kwa mchinjaji, na chini yake vijana wanne wenye mafuta mpaka viwikoni. Aliponiona aliacha chuma, akafuta mikono kwenye suruali, akaja kunisalimia kwa heshima zote. Alinitafutia mahali pa kukaa. Aliagiza bugali na samaki wa mukeke wa kuchoma, akaninawisha mikono mwenyewe, akawaambia wenzake, “Huyu njo mama yangu.” Fundi mkubwa, mzee mkavu wa maneno machache, alikuja kunipa mkono.

“Mama, huyu mutoto iko na masikio,” alisema. “Anasikia moteri mbele ya kuifungua. Mi nilichukua miaka.”

Neno zuri kuliko hilo sijawahi kuambiwa juu ya mtu wangu. Na nilimjibu hivi: “Asante, mzee. Lakini hapa yuko anapumzika tu. Mwaka ujao anarudia examen.”

Vijana waliinua vichwa. Hakuwa amewaambia kitu; pale Kazimia hakuna aliyejua poda wala shule. “Kumbe we ulianguka examen?” mmoja akamwuliza, akicheka. “Kumbe tuko na musomi hapa!” Asukulu alinisogezea pilipili. Nilikula samaki yule mpaka mfupa, sikuweza kutazama popote isipokuwa sahani, na alasiri alinisindikiza kwenye boti, akabeba begi langu ndani ya maji mpaka magotini ili nisilowe. “Ufike muzuri, Yaya,” alisema. Mwaka wetu uliisha hapo. Furaha alisoma mpaka alipotaka yeye, na sikumwuliza sentensi yoyote.

Niliandika mpaka hapa jana, nikaacha. Leo ni Ijumaa. Tumeazima viti kanisani, vya plastiki, vimejaa madoa ya harusi za watu wengine, na alasiri tulikaa uani tukivifuta, yeye na kitambaa chake, mimi na changu. Furaha alikuwa ameenda kusukwa nywele. Nilifuta kiti kimoja muda mrefu.

“Asu, siku ile ya poda,” nikasema, “ujumbe ulikuwa umeshafika.”

“Najua.”

“Ujumbe ulisema umeanguka. Nilisoma.”

“Yaya, najua. Nilikuwa mbele yako. Nilikuona unasoma mara mbili.” Aligeuza kiti, akaanza miguu yake. “Nilifikiri utaniambia jioni. Nikangoja. Kesho yake nikangoja. Ulipokuja Kazimia nikasema, leo njo ameleta ile neno.”

“Na watu walipokusema wewe?”

“Nilisikia.”

Kwetu mkubwa haombi msamaha kwa mdogo. Humtumia mtu, au humpikia, au hungoja ugonjwa. Hakukuwa na mtu wa kutuma. Nikasema, “Nisamehe, mdogo wangu. Nilikukosea, na nilijua nakukosea.” Aliendelea kufuta kiti. Kwa jirani walikuwa wanatwanga, mchi ukashuka na kupanda mara nyingi. Sikujua kama atasimama aondoke.

“Kesho wale batu watauliza,” akasema mwishoni, bila kuinua uso. “Watauliza ndugu ya bibi-arusi alisoma mpaka wapi, anafanya nini. Ni we mkubwa, njo utajibu. Utasema nini?”

“Nitasema uliishia la sita, ukaanguka mtihani. Na wewe ni fundi wa moteri Kazimia.”

Alikikagua kiti, akakiweka juu ya vingine, akavuta kimoja kichafu na kukisukuma kwangu.

“Sema fundi kwanza,” akasema.